Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza kwa macho: kumbukumbu za safari ya ndege ndogo

Jumatatu: Dar es Salaam hadi Tanga

Ndege tuliyokabidhiwa ni Cessna 172, yenye injini moja na viti vinne, na mwenyewe anaisubiri Mwanza. Vyombo vilivyomo haviiruhusu kisheria kusafiri ndani ya mawingu, kwa hiyo njia yote kutoka pwani hadi Ziwa Victoria itapitwa kwa kanuni za kuruka kwa kuona, ambazo marubani wa nchi zote huziita VFR. Mimi nina leseni ya rubani binafsi na ninakaa kiti cha kushoto. Kulia kwangu yuko Kapteni, mwalimu wa siku nyingi, mwenyeji wa Tanga, ambaye ardhini hukubali kuitwa Mzee lakini injini ikishawaka hataki jina jingine zaidi ya cheo chake.

Asubuhi tulipitia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Uwanja wa Julius Nyerere ulikuwa na mwonekano wa kilomita 10 au zaidi, na mawingu machache yaliyoanzia futi 2,200. Kabla hajaniachia fomu ya mpango wa safari, Kapteni alinitaka nimtajie viwango kwa mdomo, bila kutazama kitabu. Chini ya futi 10,000, rubani anayeruka kwa kuona lazima awe na mwonekano usiopungua kilomita 5, na abaki mita 1,500 kando ya wingu lolote na futi 1,000 juu au chini yake. Kuanzia futi 10,000 kwenda juu, mwonekano unaotakiwa hupanda hadi kilomita 8, kwa sababu huko juu ndege huwa hazifungwi tena na kikomo cha noti 250 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa), na vitu viwili vinavyokaribiana kwa kasi kubwa vinahitaji kuonana mapema zaidi. Karibu na ardhi, katika anga isiyodhibitiwa, sharti la mawingu hulegezwa: inatosha kutoligusa wingu na kuiona ardhi au maji, ila zile kilomita 5 zinabaki.

Viwango hivi vimo katika Kiambatisho cha Pili cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio ulioanzisha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), na nchi wanachama zimeviingiza katika sheria zao. Kwetu msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Mtu asiyeyajua mambo haya hudhani kwamba umbali kutoka kwenye wingu umewekwa ili rubani asipotelee ndani. Hiyo ni sehemu tu ya sababu. Ndani ya wingu kunaweza kuwa na ndege nyingine inayosafiri kihalali kwa vyombo, yaani kwa kusoma saa na sindano badala ya kutazama nje, na rubani wake hana namna ya kukuona mpaka atakapochomoza. Zile mita 1,500 ni muda mnaogawana ninyi wawili wa kuonana na kupishana.

Kuhusu saa, msafiri wa anga wa nchi hii huishi na tatu. Tuliondoka saa 2:30 asubuhi kwa saa ya Kiswahili, ambayo saa ya ukutani kwenye ofisi ya uwanja iliionyesha kuwa 8:30, na kwenye mpango wa safari tukaiandika 0530, kwa kuwa dunia nzima ya usafiri wa anga hutumia saa moja, ile ya Greenwich. Nimeshazoea, lakini bado huhesabu kwa vidole kabla ya kuandika.

Tulichagua kufuata ufuo badala ya kukata juu ya maji. Ndege hii ikizimika injini huweza kuteleza hewani kama mara tisa ya kimo chake, yaani kutoka futi 4,500 isingefika mbali zaidi ya kilomita 12 hivi, na Mkondo wa Zanzibar hata pale ulipo mwembamba ni mpana mara mbili na zaidi ya umbali huo. Maboya ya kujiokoa tulikuwa nayo kiunoni, kama sheria inavyotaka kwa ndege ya injini moja inayotoka nje ya umbali wa kuteleza hadi nchi kavu, lakini Kapteni ni mtu wa kuona boya kama karatasi ya bima: uwe nalo, na upange safari usilihitaji.

Ufuo huo ulinipa somo la kanuni ya vimo. Ndege ya VFR inayosafiri zaidi ya futi 3,000 juu ya ardhi au maji huchagua kimo kwa kufuata dira: ikielekea upande wa mashariki, kuanzia nyuzi 000 hadi 179, hutumia elfu za witiri na kuongeza 500, kama 3,500 au 5,500; ikielekea magharibi, nyuzi 180 hadi 359, hutumia elfu za shufwa na 500, kama 4,500 au 6,500. Kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo ufuo unakwenda kaskazini-magharibi, kwa hiyo tulipanda hadi 4,500. Lakini ukishaipita Bagamoyo na mdomo wa Ruvu, nchi kavu inajikunja, na mstari wa kwenda Pangani unaangukia nyuzi chache tu mashariki ya kaskazini. Mgeuko wa macho hauonekani. Sheria, hata hivyo, imebadilika, na tukatakiwa kuwa 3,500 au 5,500. Mawingu yalikuwa yameanza kuota na vilele vyake vilikuwa vimekaribia kimo chetu, hivyo nikateremka hadi futi 2,000, chini ya mawingu na chini ya mpaka ambapo kanuni ya vimo inaanza kufanya kazi.

Kwa kimo hicho Saadani inaonekana vizuri: mashamba ya chumvi, mto Wami ukitapika maji ya udongo baharini, kisha mikoko. Mto Pangani ulijitokeza dakika ile niliyokuwa nimeiandika kwenye karatasi, na Tanga ikafuata. Tulitua kabla ya saa 4.

Jumanne: Tanga hadi Arusha

Reli ya Tanga ilianza kujengwa na Wajerumani mwaka 1893, na mpaka leo hakuna kiongozi bora wa rubani anayekwenda Moshi kwa macho. Tuliishika mara tu baada ya kuruka, tukaiacha upande wa kushoto wa ndege, kwa sababu anayekaa kiti cha kushoto huiona vyema upande huo, na kwa sababu rubani mwingine anayeifuata kutoka Moshi naye akiiweka kushoto kwake, reli yenyewe inakuwa katikati yenu. Ni desturi nzuri kuliko nyingi zilizoandikwa. Mashamba ya mkonge yalipita chini kwa mistari iliyonyooka, Korogwe ikaja, kisha Mombo chini ya ukuta wa Usambara.

Hapo Kapteni aliniambia nisogee kushoto, mbali na milima, ingawa hali ilikuwa shwari na mwonekano mzuri mno. Ni msimu wa kusi. Upepo hupiga mbavu za mashariki za Usambara, hupanda, humwaga maji yake huko, kisha hushuka kwa nguvu upande huu mkavu wa Mombo na Same, na ndege ndogo iliyojibanza karibu na ukuta hubebwa chini pamoja nao. Macho hayawezi kuuona upepo wa namna hiyo; huonekana kwa dalili tu, kama wingu lililolala juu ya kilele bila kusogea huku ukijua kwamba huko juu upepo ni mkali. Tulivuka bonde tukiwa futi 6,500, kilomita kadhaa kutoka milimani, na bado kiti kilinitupa mara mbili.

Muda mrefu wa safari hii ulikwenda katika kutazama. Nasema kutazama kwa maana ya kazi. Jicho lisilo na cha kushika katika anga tupu hujilegeza na kulenga mahali pa karibu, mita chache mbele ya kioo, na ndege ya mbali hupita bila kuonekana. Dawa yake ni kuigawa anga katika vipande vya nyuzi kama kumi, kulisimamisha jicho kwenye kila kipande kwa sekunde moja au zaidi, ndipo kwenda kingine. Ndege mbili kama yetu zikielekeana, kila moja kwa noti 120, hukaribiana kwa mita zaidi ya 120 kila sekunde. Zile kilomita 5 za mwonekano wa chini kabisa huisha kwa sekunde 40. Ubaya zaidi ni kwamba ndege mnayogongana nayo haisogei kwenye kioo. Inayosogea itapita mbele au nyuma yako. Ile iliyotulia mahali pamoja, ikikua polepole na kisha ghafla, ndiyo yako.

Sheria ya kupishana yenyewe ni fupi. Wanaoelekeana kila mmoja hugeuka kulia. Njia zikikatana, anayemwona mwenzake upande wake wa kulia ndiye anayempisha. Anayempita aliye mbele hupita kwa kulia. Shida huwa katika kuona, si katika kujua la kufanya baada ya kuona. Tarehe 5 Machi 2024 ndege ndogo ya mafunzo, ya aina hii hii ya Cessna 172, iligongana na ndege ya abiria juu ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, muda mfupi baada ya ile kubwa kuondoka uwanja wa Wilson. Wawili waliokuwa katika Cessna walifariki. Ile kubwa ilirudi na kutua salama. Ilitokea mchana, karibu na uwanja wenye mnara wa kuongozea ndege. Sikumsikia Kapteni akitoa maoni juu ya nani alikosea, na nilipomuuliza alisema, "Wewe tazama kulia, mwanangu."

Baada ya Bwawa la Nyumba ya Mungu tuliwaita waongozaji wa uwanja wa Kilimanjaro, kwa kuwa eneo lao linadhibitiwa na mtu haingii bila ruhusa. Walitupa namba ya kuweka kwenye transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada, na kimo cha kutozidi. Mlima wenyewe, mita 5,895, hatukuuona hata kidogo, ila blanketi la mawingu ya kijivu lililotanda kutoka Moshi hadi Meru. Tulitua Arusha alasiri, wakati ambapo mawingu hayo huwa yamenyanyuka kidogo.

Jumatano: Arusha

Hatukuruka.

Anayeijua Arusha na Moshi ya miezi ya baridi anajua asubuhi zake: wingu tambarare, la kijivu, lisilo na mvua, ambalo hulala juu ya mji mpaka saa 5 au saa 6 na siku nyingine halinyanyuki kabisa. Saa 1 asubuhi dari ya mawingu ilikuwa futi 700. Dari hupimwa kwa kugawa mbingu sehemu nane: tabaka la chini linalofunika zaidi ya nusu yake ndilo dari, na sehemu moja au mbili zenye mawingu hazihesabiwi. Kanuni inasema ndege ya VFR haitaruka wala kutua katika uwanja ulio ndani ya eneo la udhibiti, wala kuingia katika mzunguko wake wa kutua, endapo dari iko chini ya futi 1,500 au mwonekano wa ardhini uko chini ya kilomita 5. Mwonekano tulikuwa nao. Dari hatukuwa nayo.

Kuna mlango wa pembeni, unaoitwa VFR maalumu. Mwongozaji wa ndege anaweza kumruhusu rubani kuingia au kutoka katika eneo la udhibiti chini ya viwango hivyo, kwa ombi la rubani mwenyewe, mradi abaki nje ya mawingu na aone ardhi, na mradi ndege nyingine zitengwe naye. Nilipoutaja, Kapteni hakuukataa. Aliniuliza tu nitakwenda wapi nikishatoka katika eneo hilo. Ruhusa hiyo huishia mpakani, na nje ya mpaka kanuni za kawaida hurudi. Uwanja wa Arusha uko futi 4,550 juu ya usawa wa bahari. Meru, wenye mita 4,566, uko karibu kilomita 20 kaskazini-mashariki. Magharibi kuna Monduli, na mbele yake nyanda za juu za Ngorongoro. Ukiwa futi 700 juu ya ardhi chini ya dari hiyo, kila kilima kinachopanda kinakula nafasi yako, mpaka ardhi na wingu vikutane. Ruhusa ingenitoa Arusha kihalali na kuniacha mahali pasipo na njia.

Mwenye ndege alipiga simu saa 3, akapiga tena saa 5. Alikuwa na heshima zake, lakini alishindwa kuelewa iweje mabasi na ndege kubwa zipite na sisi tumekaa. Kapteni alimjibu kwa upole kwamba ndege kubwa zina vyombo, zina marubani wawili wenye idhini ya kuvitumia, na zinafuata njia zilizopimwa kuepuka milima. Yake haina hata kimoja. "Bwana mkubwa," alisema mwishowe, "ndege yako iko salama, imefungwa kamba." Nadhani simu hizo ndizo hatari kubwa kuliko wingu lenyewe. Wingu halikusihi uingie.

Tulikaa kwenye benchi la ofisi tukanywa chai, na ndipo akanisimulia jaribio la Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani, la mwaka 1954. Walichukuliwa watu 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa vyombo, wakawekwa katika hali ya kutoona nje, kama walioingia wingu ghafla, wakiwa na mkufunzi kando. Wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege. Wastani wa muda ulikuwa sekunde 178, chini ya dakika tatu. Kumi na tisa kati yao waliishia katika mzunguko wa kushuka ambao huzidi kukaza kadiri rubani anavyovuta usukani.

Sababu iko ndani ya sikio. Mirija mitatu yenye majimaji huuambia ubongo kwamba kichwa kinageuka, lakini mgeuko ukiwa wa taratibu na wa muda mrefu, majimaji hushika kasi ya mirija yenyewe na habari hukatika. Ndege imeinama, na mwili unaapa kwamba imenyooka. Anayejaribu kuinyoosha huhisi kwamba anaiinamisha upande wa pili, hivyo huirudisha pale pale palipomdanganya. Rubani wa vyombo hufundishwa kwa miezi kuupuuza mwili wake na kuamini sindano. Rubani wa kuona hana mafunzo hayo. Silaha yake ni mstari wa upeo wa macho, na ukishafichwa hana kingine. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba VFR ni kanuni nyepesi, za wanaoanza. Kuruka kwa vyombo kuna waongozaji, njia zilizochorwa na ndege zilizotenganishwa kwa mpango. Huku kwetu vyote hivyo vimekusanywa vikatundikwa kwenye jozi moja ya macho na uamuzi wa mtu mmoja.

Cha maana walichokifanya watu wa Illinois ni kwamba hawakuishia kwenye kupima kushindwa. Walitengeneza utaratibu mfupi wa kugeuka nyuzi 180 na kutoka ulikotoka, na wanafunzi wale wakaujifunza. Kapteni aliufanya kuwa kanuni yake binafsi: uamuzi wa kurudi hutolewa wakati bado unaona mbele na nyuma, kwa sababu baada ya hapo hakuna uamuzi tena, kuna bahati.

Saa 9 alasiri dari ilifika futi 1,800. Ilitosha kuruka. Lakini kwa saa zilizobaki za mchana, kama Ngorongoro ingekuwa imefungwa na tukalazimika kuzunguka, tungeifikia Seronera, kiwanja cha ndani ya Serengeti, jua likizama, na kuruka kwa kuona usiku hakuruhusiwi ila kwa masharti yanayowekwa na mamlaka. Tukaenda mjini kula.

Alhamisi: Arusha hadi Seronera

Dari ilinyanyuka mapema kuliko jana. Saa 4 tulikuwa mwanzoni mwa njia ya kurukia, matangi yamejaa, kwa maana petroli ya ndege za pistoni haipatikani kila kiwanja na huko mbele hatukutaka kuitegemea bahati. Joto lilikuwa nyuzi 20, ambalo kwa mtu wa Dar es Salaam ni baridi, ila kwa kimo hicho ni joto la kutosha kuifanya hewa kuwa nyembamba kana kwamba uwanja uko karibu futi 6,200. Ndege ilikimbia muda mrefu kabla ya kuinuka, na ikapanda kwa uvivu ambao haikuuonyesha pwani.

Tulitoka magharibi chini ya tabaka, na kilomita chache baada ya Monduli likakatika kama lilivyotabiriwa. Bonde la Ufa lilikuwa wazi, Ziwa Manyara likimeta kusini-magharibi. Mbele yetu, juu ya ukuta wa bonde, hakukuwa na mlima wowote. Kulikuwa na wingu jeupe lililofunika kutoka Oldeani hadi Lolmalasin, na ukingo wa kreta, ulioko zaidi ya mita 2,200, ulikuwa ndani yake. Watalii waliolala ukingoni hapo bila shaka walikuwa wakinywa kahawa ndani ya ukungu.

Juu ya wingu kulikuwa na anga safi, na mtu mwenye haraka angeweza kupanda na kulivuka kwa juu. Kanuni haikatazi moja kwa moja. Lakini injini ni moja, chini ni milima isiyoonekana, na hakuna ajuaye kama upande wa pili kuna tundu la kushukia. Kapteni hakusema neno, alinisubiri mimi. Niligeuka kaskazini.

Njia hiyo tulikuwa tumeichora usiku uliopita. Kusi hubeba unyevu na kuumwaga upande wa kusini-mashariki wa nyanda hizo, na upande wa pili, wa Olduvai na Salei, huwa mkavu mwaka mwingi. Kwa hiyo anayeweza kuzunguka kwa kaskazini hukuta mlango wazi. Tulipanda hadi futi 7,500, tukipita juu ya Engaruka, na Ol Doinyo Lengai ikaja upande wa kushoto, mita 2,962, mteremko wake umechanwa na makorongo ya majivu meupe. Baada yake tukapinda magharibi, tukaongeza futi 1,000 ili kuwa katika kimo cha mwelekeo mpya, tukauvuka ukuta wa bonde mahali palipo wazi kabisa. Milima ya Gol ilibaki kusini. Tuliongeza nusu saa na mafuta ya nusu saa, na kila dakika ya hiyo niliweza kuitaja ardhi iliyokuwa chini yangu.

Seronera ina ndege nyingi za watalii na kila rubani hutangaza redioni mahali alipo na anachokusudia. Tulipita kwanza juu ya kiwanja ili kuhakikisha hakuna mnyama njiani, tukaingia katika mzunguko kwa mkono wa kushoto, tukatua nyuma ya ndege ya abiria iliyokuwa imetutangulia.

Ijumaa: Seronera hadi Mwanza

Alfajiri maputo ya watalii yalipanda upande wa mto. Puto halina usukani wala breki, hivyo sheria imeliweka juu ya wote: ndege yenye injini huliachia njia, bila kujali nani ametoka upande gani. Tulisubiri yatue kabla ya kuwasha injini, jambo ambalo halikutakiwa na mtu yeyote ila lilimfurahisha Kapteni.

Tai ni habari nyingine, kwa kuwa wao hawajui sheria. Kadiri jua linavyoichoma ardhi ndivyo hewa ya moto inavyopanda na tai nao hupanda nayo, wakizunguka bila kupiga bawa, wengi wakiwa katika vimo vile vile vinavyotumiwa na ndege ndogo. Tarehe 10 Januari 1959 Mjerumani Michael Grzimek, aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani pamoja na baba yake Bernhard, alianguka na kufariki baada ya ndege yake kugongwa bawani na tai. Alikuwa na miaka 24. Amezikwa ukingoni mwa Ngorongoro, pale pale tulipopazunguka jana. Tai akiona hatari mara nyingi hujiangusha chini, hivyo rubani hufundishwa kumkwepa kwa kupanda. Tuliondoka saa 2, kabla hewa haijachemka, na tulikutana na mmoja tu, mbali.

Magharibi ya hifadhi hewa ilianza kubadilika rangi. Ni majira ya kuchoma nyasi na mashamba, na moshi ukisimamiwa na hewa tulivu ya asubuhi hutengeneza utando wa kahawia usio na mwanzo wala mwisho. Mwonekano wa namna hii unadanganya kuliko wingu, maana wingu lina ukingo na utando hauna. Unaendelea kuona chini vizuri huku mbele kukififia. Nilipima kwa ramani: nikachagua mlima ninaoujua umbali wake, nikangoja utokeze, nikahesabu. Kilomita 8, baadaye 7. Ghuba ya Speke ilipotokea kulia, juu ya maji kulisimama nguzo nyeusi zilizofanana kabisa na moshi wa meli inayoungua. Hao walikuwa wadudu wadogo wa ziwani, ambao huibuka kwa mamilioni na kupanda pamoja. Kapteni alinitaka niwaepuke kama ninavyoepuka mvua, kwa sababu hupaka kioo cha mbele na huweza kuziba mrija unaopima kasi ya ndege.

Karibu na Magu tuliita mnara wa Mwanza. Walijibu kwamba mwonekano uwanjani ni mita 4,500, chini ya kiwango kwa mita 500, na kwamba ndege ya abiria inayotumia vyombo iko njiani kutua. Kwa hiyo ule mlango wa pembeni ambao Jumatano haukuwa na faida leo ulikuwa na maana kamili: ardhi ni tambarare ya ufukwe, dari haipo, tunaona maji na barabara kwa chini, na nyuma yetu kumebaki wazi. Niliomba VFR maalumu. Tuliambiwa tusubiri nje ya eneo, tukazunguka juu ya ufuo wa Magu kwa kama dakika 20, tukitazama saa ya mafuta. Sheria inataka akiba isiyopungua dakika 30 za kusafiri mchana baada ya kufika. Tulikuwa nayo mara kadhaa.

Ruhusa ilipokuja ilitaja kimo cha kutozidi na kututaka tufuate ufuo hadi tuuone uwanja. Mawe ya Mwanza yalijitokeza katika utando moja moja, kisha njia ya kurukia ikaonekana yote, na mnara ukatuachia tutue. Tukiwa chini nilihakikisha kwamba mpango wetu wa safari umefungwa. Ndege ya VFR isiyotoa habari za kufika ndani ya dakika 30 za muda iliyoutaja huanza kutafutwa, na kuna watu walioacha simu mezani wakaenda kula huku waokoaji wakiamshwa.

Mwenye ndege alikuwa langoni na familia yake. Alishukuru sana, akauliza kama jioni hiyo tungeweza kuwazungusha watoto juu ya mji wakati jua linazama, kwa kuwa hapo ndipo ziwa linapendeza. Kapteni alitoa jedwali la mawio na machweo mfukoni. Mwanza iko magharibi mno kiasi kwamba jua lake huzama karibu nusu saa baada ya lile la Dar es Salaam, saa 12 na dakika 50 hivi kwa wiki hii. Juu ya mji ndege haitakiwi kushuka chini ya futi 1,000 juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote kilicho ndani ya mita 600 kutoka ilipo, na vilima vya Mwanza vina minara ya simu. Na utando nao ulikuwa bado haujaondoka.

"Kama saa 10 mnara utasema kilomita 5, tutaruka, na saa 11 na nusu tutakuwa tumeshafunga kamba," alisema. Kisha akampa mwenye ndege daftari la ndege atie saini, nami nikaenda kununua mafuta.